TPMS ya tela ya kulala: ni kitu gani, na cha kutazama kabla ya kununua

TPMS ni mfumo unaopima upepo wa matairi safarini, na tela ya kulala ni nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari. Kila tairi hufungwa kihisi kidogo, nacho hutuma kipimo kwa mawimbi ya redio hadi kwenye skrini ya dereva. Nchini Marekani magari madogo mapya yamelazimika kuwa nao tangu modeli za 2008, lakini sheria hiyo haigusi tela. Mwenye tela hujinunulia.

Na tela ndiyo inayouhitaji zaidi. Tairi la gari likiisha upepo, usukani unakwambia. La tela yenye ekseli mbili likiisha, jirani yake hubeba mzigo wote na dereva hasikii kitu, mpaka linapasuka na mapande ya mpira kukata mabomba ya maji na nyaya chini ya sakafu.

Anza na kusoma ubavu wa tairi, si kutazama uzuri wa skrini. Matairi mengi ya ST (yaani ya tela) ya daraja E la uwezo wa mzigo hujazwa hadi psi 80 (psi ni kipimo cha upepo) yakiwa baridi, na yakishika moto hupita 90. Kihisi kinachoishia psi 87 hakikufai.

Kisha valvu. Kihisi cha kofia, kinachofungwa juu ya valvu mahali pa kifuniko chake, husukuma kipini cha valvu kiweze kusoma, kwa hiyo valvu hukaa wazi muda wote na kinachozuia upepo ni oringi (pete ya mpira) ya kihisi peke yake. Ikichakaa, kifaa ulichonunua kulinda tairi ndicho kinacholitoa upepo. Kila ukifunga, paka maji ya sabuni uangalie povu. Valvu ya kawaida ya mpira, TR413, mwisho wake ni psi 65. Weka ya chuma. Kihisi cha kujazia upepo bila kukifungua ni kirefu na kizito zaidi, nacho huitikisa valvu ya mpira hadi ichanike shinani.

Tega kengele za mfumo, ya upepo kushuka na ya upepo kupanda, asubuhi matairi yakiwa baridi. Kwa psi 80, ya chini iwe 70, ya juu 98 hivi. Ukitega ya juu 85, jua la mchana litailiza kila saa na mwishowe utaizima.

Tela ndefu huzuia mawimbi. Chukua seti yenye ripita, kifaa kinachopokea mawimbi na kuyarusha tena hadi kwa dereva. Ijaribu: punguza upepo wa tairi lililo nyuma kabisa ya tela, usikilize kama kengele inalia.

Joto linaloonyeshwa na kihisi cha kofia usilitegemee kujua hali ya beringi za magurudumu. Kihisi kiko nje kwenye baridi ya mwendo. Beringi yaweza kuungua nacho kikasoma nyuzi za kawaida. Ukisimama kujaza mafuta, pima vikombe vya magurudumu (vitovu vinavyobeba beringi) kwa kipimajoto cha infraredi, kinachopima bila kugusa.