MRI ya mgongo si MRI ya miguu

Kuna sentensi imezagaa Dodoma, kuanzia vijiwe vya kahawa Majengo hadi foleni za kliniki ya sukari: "Nimepiga kile kipimo kikubwa, mishipa ya fahamu iko safi." Anayeisema ana kisukari cha miaka, nyayo zina ganzi, na usiku zinawaka moto.

MRI ni picha inayopatikana kwa sumaku kali na mawimbi ya redio. Mashine hunasa ishara za haidrojeni iliyomo kwenye maji na mafuta ya mwili, kompyuta ikachora. Mionzi ya eksirei haimo, hata kama jirani yako anaapa. Sumaku yenyewe mara nyingi ni ya tesla 1.5, kama mara 30,000 ya usumaku wa dunia, ndiyo maana mkanda na saa vinabaki nje.

Sasa, "iko safi" ipi, na wapi? Mgonjwa wa ganzi akiandikiwa MRI, mara nyingi kinachopigwa ni mgongo wa chini. Daktari anatafuta disiki, ule mto kati ya pingili za mgongo, iliyochomoza ikabana mzizi wa neva, yaani mshipa wa fahamu. Swali hilo ni halali, na mwenye kisukari anaweza kuwa na yote mawili: neva iliyobanwa mgongoni na neva zilizoumizwa na sukari. Ila kisukari kwa kawaida huanza kuumiza neva ndefu zaidi, zile zinazoishia vidoleni, kisha ganzi hupanda kama soksi inayovutwa. Picha ya kiuno haifiki huko. Na hata ungepigwa mguu wenyewe, zile nyuzi nyembamba zinazobeba maumivu na joto ni ndogo mno kwa mashine hii.

MRI ya neva na misuli ya miguu ipo, lakini zaidi ni ya watafiti. Wanaitazama neva kubwa ya paja, siatiki, kama imenenepa au ina maji kupita kiasi. Kwenye misuli wanatenganisha ishara ya maji na ya mafuta, kwa sababu msuli uliopoteza neva husinyaa na mafuta yakachukua nafasi yake. Ile midogo ya nyayo huanza mapema. Kliniki nayo huihitaji MRI hiyo pale paja la mwenye kisukari linapovimba ghafla na kuuma vibaya, maana huenda sehemu ya msuli imekosa damu ikafa.

Ganzi ya kawaida hupimwa kwa kuvua soksi: uzi wa nailoni unaopinda kwa gramu 10 unagusishwa unyayoni, uma wa chuma unaotetemeka unawekwa kwenye kidole gumba, na mgonjwa anaulizwa anahisi nini. Vifaa hivyo vinaenea mfukoni, na pengine ndiyo sababu havipewi heshima.

Kwa hiyo, mzee wangu, sema tu: "MRI haikuona neva iliyobanwa mgongoni." Halafu kliniki ijayo omba wakupime nyayo.