Kabla hujauza karafuu kumlipa mshauri wa vyuo

Matokeo ya Kidato cha Sita yakitoka, hapa Pemba wageni huwa wengi, mawakala na washauri wa vyuo. Wanapita Wete, wanapita Chake Chake, mikononi picha za majengo marefu, midomoni Marekani, India na Uturuki. Watoto wangu wawili wamepita njia hiyo. Mkubwa nilimpotezea mwaka mzima kwa kuamini haya yafuatayo.

“Asiyetoza pesa hana tamaa.”
Hili ndilo lililoniponza. Wakala anayesema huduma yake ni bure mara nyingi hulipwa na chuo: mwanao akishasajiliwa, fungu la ada yake humrudia yeye. Si wizi, lakini atakutajia vyuo vinavyomlipa, basi. Atataja SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwa faida gani? Au tawi la IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, lililofunguliwa Bweleo, Unguja, mwaka 2023? Wangu hakuvitaja hata kimoja. Mwanangu alipofika huko alikopelekwa, kozi aliyoahidiwa haikuwepo, na mimi karafuu za msimu mzima zilishakwenda.

Mshauri wa kujitegemea hasa hulipwa na mzazi peke yake. Huko Marekani, chama chao cha IECA huwakataza wanachama kupokea malipo ya chuo kwa kumpelekea mwanafunzi. Kwa hiyo kabla hujauliza bei, uliza: nani anakulipa? Akianza kuzunguka, nyanyuka.

“Huyu ana watu wake ndani ya chuo.”
Mwenye kusema hivyo mkimbie. William Singer, mshauri wa California, alichukua pesa za matajiri akahonga makocha wa timu za vyuo na kuchezea mitihani ya kuingilia. Kesi ililipuka 2019, na mwaka 2023 alihukumiwa kifungo cha miaka 3 na nusu. Wapo wazazi waliofungwa, wapo watoto walionyang'anywa nafasi zao. Wa kupokea au kukataa ni chuo, na mshauri mkweli hatoi ahadi ya kuingia.

“Ufadhili haupatikani bila wakala.”
Ufadhili wa serikali ya Uturuki, Türkiye Bursları, huombwa na mwanafunzi mwenyewe kwenye intaneti, bila ada. Kwa vyuo vya Marekani kuna EducationUSA, wanaoshauri bila malipo. Ukiuliza nani anawalipa, jibu liko wazi: serikali ya Marekani.

“Atamwandikia mtoto insha ya kuombea chuo.”
Haifai. Kazi ya mshauri ni kusoma, kuuliza na kurudisha. Maneno yawe ya mtoto, na chuo kikigundua vinginevyo kinaweza kumfuta.

“Ana ofisi na bango, basi amesajiliwa.”
Mawakala wa kupeleka wanafunzi nje husajiliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Usitosheke na cheti kilichotundikwa ukutani; waulize TCU wenyewe. Papo hapo uliza kama chuo unachotajiwa kinatambulika, maana shahada isiyotambulika itamsumbua mtoto siku ya kutafuta kazi.

Kwa mdogo sikurudia kosa. Mshauri alikuja nyumbani, tukakaa barazani, mtoto katikati na orodha yake ya vyuo saba. Nikamuuliza lile swali. Akanijibu, “Ni wewe tu, mama. Vyuo havinipi hata senti.” Nikamwomba ayaandike maneno hayo kwenye mkataba, akayaandika.