Je, wajua? Kwa nini gari hukosa pa kuegesha hata nafasi zinapokuwa tele

Fika katikati ya mji mdogo saa tano asubuhi, ukute magari yamepangana kandokando ya barabara mwanzo hadi mwisho, na utasema kama wasemavyo wote: maegesho hayatoshi. Wenye maduka husema hivyo. Diwani naye huahidi hivyo wakati wa kura, kwamba kitatafutwa kiwanja magari yapate pa kukaa. Lakini watu waliojitaabisha kuhesabu wamegundua kuwa mara nyingi nafasi zipo. Kinachokosekana ni zile chache zilizo mbele ya mlango wa duka, na hizo hukosekana kwa sababu ya namna zinavyogawanywa.

Mfano uliochunguzwa kwa kina ni wa Westwood Village, eneo la maduka, migahawa na sinema lililo kando ya Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles. Donald Shoup, profesa wa mipango miji wa chuo hicho aliyefariki Februari 2025, alipima na wanafunzi wake muda ambao dereva hutumia kusaka nafasi ya barabarani. Wastani ulikuwa dakika 3.3, mwendo wa kama mita 800. Kwa mtu mmoja hilo ni jambo dogo. Ila eneo lile lilikuwa na nafasi 470 za barabarani, na kila moja ilipokea magari kama 17 kwa siku, yaani magari 8,000 hivi. Jumlisha mwaka mzima: katika mitaa 15 tu, magari yalitembea kilomita milioni 1.5 za kutafuta tu, umbali wa kuizunguka dunia mara 38. Moshi wote huo walivuta wapita njia wa pale pale.

Na wakati huo huo majengo ya maegesho yalikuwa na nafasi wazi. Utafiti wa mwaka 1994 ulikuta kwamba saa za msongamano, nafasi za barabarani zilijaa kwa asilimia 96, lakini kati ya nafasi 3,900 zilizo nje ya barabara, 1,200 hivi zilikuwa tupu. Siri ilikuwa bei. Barabarani palikuwa rahisi kuliko ndani ya majengo, kwa hiyo kila dereva alijaribu bahati yake barabarani kwanza. Wafanyabiashara wakaamini kwamba wateja wanakimbia ada, wakaomba ipunguzwe. Mwaka huo huo Los Angeles ikaishusha kutoka dola moja kwa saa hadi senti 50. Huko ni kuwaongeza wanaogombania zile zile nafasi chache.

Tatizo hili si geni. Mita ya kwanza ya maegesho duniani, yaani mashine ya kulipia muda wa kuegesha, ilisimikwa Oklahoma City tarehe 16 Julai 1935, kwa senti 5 za saa moja. Aliyeipigania, mhariri wa gazeti Carl Magee, alikuwa ameona kwamba wanaofanya kazi mjini hufika mapema, huziba nafasi zote, na magari yao hukaa hapo hadi jioni, huku mteja akikosa pa kusimama. Wala huwezi kumlaumu mfanyakazi. Yeye ndiye anayefungua duka, lazima atangulie. Lakini piga hesabu: nafasi moja, saa kumi za biashara. Gari la muuzaji likikaa siku nzima, imehudumia mtu mmoja. Kila mteja akikaa saa moja, imehudumia kumi. Ardhi haikuongezeka hata futi.

Kibao kinachosema gari lisikae zaidi ya muda wa saa mbili hakitoshi peke yake. Katika Old Pasadena, mtaa mkongwe wa mji wa Pasadena ulio jirani na Los Angeles, maegesho yalikuwa ya bure kwa muda maalumu, na wafanyakazi walikuwa wakitoka mara kwa mara kuyasogeza magari yao ili wasipigwe faini. Mji ulipotaka kuweka mita, wafanyabiashara walipinga kwa miaka. Kilichowalainisha ni ahadi moja: fedha zote za mita zitabaki mtaani hapo hapo. Mwaka 1993 zikawekwa mita 690 kwa dola moja ya saa, na mji ukakopa dola milioni 5 kutengeneza njia za miguu, taa, miti na vichochoro, mkopo ulipwe na mita hizo. Kufikia 2001 nafasi za barabarani zilikuwa zikijaa kwa wastani wa asilimia 83. Shoup alishauri kiwango cha karibu na hicho, kama asilimia 85, ili kila kipande cha barabara kibaki na nafasi moja au mbili kwa anayefika sasa hivi.

Kwangu hiyo ahadi ndiyo iliyobeba kila kitu. Watu huchukia ada inayoondoka na kupotelea kwenye mfuko mkuu wa serikali. Ukimwonyesha mwenye duka taa mpya mbele ya mlango wake, mnazungumza lugha moja.

Jijini Nairobi, kwa miaka mingi ada ya kuegesha kandokando ya barabara katikati ya jiji imetozwa kwa siku nzima. Aliyeegesha saa moja asubuhi akaondoka saa kumi na mbili jioni hulipa sawa na aliyekimbilia benki kwa dakika kumi. Mkishalipa, hakuna kinachomsukuma yeyote kuondoka. Kupandisha ada hiyo kunaongeza mapato, lakini nafasi haizunguki.

Kijiji kisicho na uwezo wa kununua mita kina njia nyepesi. Paris ilianza mwaka 1957 kutumia kadi yenye mshale wa saa: dereva huuelekeza kwenye muda aliofika, huiweka nyuma ya kioo cha mbele, na mkaguzi huona kwa jicho nani amepitiliza. Miji midogo ya Ujerumani bado huitumia hadi leo, na dereva huegesha bure. Kinachobaki ni mkaguzi apite kweli, na wafanyakazi wa maduka wapewe kiwanja chao dakika tano kwa miguu kutoka barabara kuu, chenye taa, ili anayefunga duka saa mbili usiku asiogope kulifuata gari lake.