Usinitumie PNG peke yake

Kuna sentensi moja nimeisikia mpaka sasa ikitokea tu natamani nizime kompyuta nikalale: "hii si picha tu jamani, chanzo cha nini?" Anayeisema mara nyingi ni mtu mzuri kabisa, ana kipaji, katengeneza wolpepa ya kuvutia, 1920 kwa 1080, kaituma PNG (picha iliyokwisha, kila kitu kimegandishwa pamoja) peke yake na chini kaandika "leseni: bure kwa wote", alafu ukimwomba faili alilofanyia kazi anashtuka kama vile umemwomba namba ya siri ya benki. Na nyuma yake wanajipanga madevelopa kumtetea, eti muacheni kachangia, sanaa sio kodi ya programu. Hao ndo wananikera zaidi, maana wao wenyewe wakiletewa programu iliyokwisha kukompailiwa bila kodi yake wanapiga kelele mpaka asubuhi.

Basi naandika leo ili siku nyingine nitume linki tu.

Chukua Debian, mfumo huria wa kompyuta wa familia ya Linux, kwa sababu kila toleo lina themu yake: Homeworld mwaka 2021, Emerald 2023, Ceratopsian 2025. Watu wanaona wolpepa wanadhani ndo themu yenyewe, wakati ile ni kipande kimoja tu. Kuna ya 16:9, kuna ya 16:10 kwa laptopu nyingi, kuna 4:3 kwa mashine kongwe ambazo bado zinadunda, kuna skrini ya kuingia, kuna skrini ya kufunga, kuna picha inayokaa nyuma ya menyu ya GRUB (ile ya kuchagua mfumo mashine inapoanza), kuna ya Plymouth inayoonekana wakati mashine inawaka, na kuna bango jembamba la juu kwenye instola. Kila sehemu ina masharti yake. Kwenye GRUB orodha ya kaneli (kiini cha mfumo) inakaa palepale ulipoiweka nembo yako kwa mapenzi yote, kwa hiyo nembo lazima ihame. Kwenye 4:3 ukikata pembeni tu unaondoka na robo ya mchoro. Kwenye bango la instola unabaki na ukanda ambao haubebi chochote zaidi ya rangi na mstari mmoja uliopinda vizuri.

Na hizi kazi hafanyi msanii peke yake. Nyingi zinafanywa na watu wengine kabisa, wengine miezi kadhaa baada ya msanii kurudi kwenye mambo yake, na wanachohitaji ni kitu kimoja: wafungue faili, walishike lile umbo, walisogeze. PNG haisogezwi kitu. Mbele na nyuma vimeshakuwa kimoja, kivuli kimeingia kwenye anga, kuniambia nitoe nembo humo ni kuniambia nitoe wino kwenye maji. Ndo maana GPL, leseni maarufu ya programu huria, toka toleo la 2 la mwaka 1991, inaeleza chanzo kuwa ni ile hali ya kazi ambayo mtu angependelea kuitumia akitaka kuibadilisha. Haijasema lazima iwe maandishi ya C. Kama ulichora kwa programu ya Inkscape, chanzo ni faili la Inkscape. Kama ni Krita, ni lile lenye leya, yaani tabaka za mchoro. Kama ni Blender, ni faili la .blend pamoja na tekscha zake zote, sio faili lenye tundu jeusi pale tekscha ilipokuwa.

Haya, nikishasema hivyo watu wanaleta SVG, faili la vekta, yaani mchoro wa mistari na maumbo yanayoweza kusogezwa, na hapo ndo unaanza ugomvi wa pili.

Kuna SVG ambayo ukiifungua, ndani ina PNG ileile imefungiwa humo kwa base64, yaani picha iliyogeuzwa msururu wa herufi. Jamaa kafungua Inkscape, kaburuta picha yake, kasevu, kwisha kazi. Jina linaishia na .svg, ukubwa mega kadhaa, na ndani hakuna hata mstari mmoja uliochorwa. Kuna nyingine imepitishwa kwenye trace ya otomatiki, programu inayojichorea maumbo kwa kufuatisha picha, kivuli laini kimegeuka maelfu ya vipande vinavyopishana rangi kidogo sana, kiufundi ni vekta na siwezi kubisha, lakini hebu jaribu kubadilisha rangi ya anga humo uone siku yako itaishaje. Alafu kuna ile inayoniuma kuliko zote, ilikuwa faili safi kabisa lenye leya zilizopewa majina, mtu akaona aibu akalisafisha kabla ya kutuma: leya kaunganisha, majina kafuta, maandishi kayageuza maumbo. Jamani, huo uchafu wenu ndo tunaoutaka! Leya inayoitwa "jaribu rangi hii" iliyofichwa chini inanisaidia mimi kuliko wolpepa yenyewe, maana inanionyesha ulikuwa unafikiria nini ukaacha.

Kuhusu maandishi kugeuzwa maumbo nisieleweke vibaya. Kwenye faili la mwisho yageuze, tena lazima, kwa sababu mashine ya mwenzako kama haina ile fonti itaweka nyingine na mchoro wote utayumba. Ila lile ambalo maandishi bado ni maandishi lihifadhi na ulitume pia. Yanatumwa yote mawili. Hivyohivyo kwa gradienti za mesh (rangi zinazochanganyika juu ya wavu) zilizoingia Inkscape 0.92 mwaka 2017: ndani ya Inkscape ni tamu sana, unapaka rangi kama unapaka kwa brashi, lakini vivinjari vyenyewe havizielewi, na programu nyingi zinazochora SVG nazo hazizielewi. Sisemi usizitumie. Nasema zikiwemo, nitumie faili, nitumie na PNG kubwa iliyotoka humo, uandike mstari mmoja kwamba mesh zimo. Mstari mmoja tu, haukuui.

Leseni nitaipitia haraka kwa sababu nikikaa hapo tutakesha. "Bure kwa wote" sio leseni. Leseni ya Creative Commons yenye NC (marufuku kwa biashara) haifai, kwa sababu kuna watu wanauza kompyuta zenye mfumo tayari ndani yake na wana haki hiyo. Yenye ND (marufuku kusambaza iliyobadilishwa) haifai kabisa, ukishaibadilisha huruhusiwi kuisambaza, na mimi nimetoka kukueleza kwamba kubadilisha ndo kazi yenyewe. CC BY-SA 4.0 (mtaje mchoraji, na ukibadilisha utoe kwa leseni hiyohiyo) ni sawa, tena tangu 2015 kazi yake inaweza kuingizwa kwenye mradi wa GPLv3, ila sio kurudi nyuma, na hiyo njia ya kwenda tu watu huisahau. Alafu lile la picha za "mtandaoni za bure": tovuti ya Unsplash mpaka 2017 walikuwa wanatumia CC0 (mwenye picha anaachia haki zote), baadaye wakaandika leseni yao wenyewe yenye katazo la kukusanya picha zao kutengeneza huduma inayofanana na yao. Kwa mtu anayetaka picha ya kuweka kwenye simu yake haina shida. Kwa mfumo ambao kila kipande chake lazima kiweze kutumiwa kwa lolote na yeyote, hilo katazo dogo linatosha kuitupa picha nzima, na haijalishi kwamba uliitumia mawingu tu pembeni.

Mnaodhani hizi ni kelele za wanasheria wa kujitakia, kumbukeni Iceweasel. Mwaka 2006 Debian na Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, walishindwana, na kiini cha ugomvi kilikuwa nembo ya Firefox: haki zake hazikuwa huria hivyo Debian hawakuiweka, na Mozilla wakasema bila nembo hakuna kutumia jina. Kivinjari kizima kikabadilishwa jina kikaitwa Iceweasel, na jina la Firefox halikurudi Debian mpaka 2016. Miaka kumi kwa sababu ya mchoro wa mbweha. Upande wa pili muone Tux, yule pengwini wa Linux wa Larry Ewing aliyechorwa kwa programu ya GIMP mwaka 1996, ruhusa yake ni fupi mno, mtumie, mbadilishe, ila ukiulizwa mtaje mchoraji na GIMP. Ndo maana kavalishwa kila nguo unayoijua wewe na nyingine ambazo ungetamani usizijue.

Aikoni ni dunia yake na sitaingia sana. Nitasema tu kwamba aikoni ya pikseli 16 sio ile ya 48 iliyopunguzwa. Mradi wa Tango, uliosaidia sana kuzifanya desktopu huria zianze kufanana, ulichora 16, 22 na 32 kila moja kivyake, kila mstari umekaa juu ya pikseli yake. Skrini za siku hizi zimelegeza hiyo kanuni, GNOME, moja ya desktopu hizo huria, toka 3.32 mwaka 2019 wanachora aikoni moja kubwa ya programu na nyingine ndogo ya rangi moja, na mimi kusema ukweli sijui kama tumepata au tumepoteza. Nikiangalia zile ndogo za zamani naona kuna mtu alikaa akafikiria kila nukta. Nikikumbuka muda uliotumika, na ni wachache kiasi gani walikuwa tayari kuifanya, nanyamaza.

Sasa kura za kuchagua wolpepa ya toleo. Kuna imani kwamba jamii ikishapiga kura basi ushirikiano umefanyika. Hapana bwana, hapo mmechagua tu. Watu wanapiga kura wakiangalia vijipicha vidogo vilivyopangwa safu kwa safu, na kwenye safu kinachoshinda ni kile kinachopiga kelele: rangi kali, mwanga katikati, nyota nyingi. Kifungue sasa kwenye desktopu yenye aikoni ishirini, majina ya mafaili kwa herufi nyeupe, na mwanga wako uko palepale nyuma ya herufi. Husomi kitu. Picha nzuri ya wolpepa mara nyingi inachosha ukiiangalia kama picha, na hilo kumwelewesha mpiga kura ni kazi ngumu mno.

Na hapa niseme jambo ambalo wenzangu wa jamii hawalipendi. Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux, ilipoacha kahawia na kuhamia zambarau kwenye 10.04, mwaka 2010, na vitufe vya dirisha vikahamishiwa kushoto, watu waliwaka, na Mark Shuttleworth, mwanzilishi wake, akajibu waziwazi kwamba maamuzi ya dizaini hayapigiwi kura. Nilikuwa upande wa waliowaka. Vitufe vilirudi kulia kwenye 17.10, nikafurahi, lakini kadiri ninavyokaa kwenye hii kazi ndo naanza kuona kwamba kuhusu kura hakukosea sana. Mchoro unaoshikamana huwa unatoka kwa mtu mmoja au kikundi kidogo chenye jicho moja. Homeworld na Emerald zote ni za Juliette Taka, na inaonekana. Ambapo jamii haina mpinzani ni baadaye: Yaru, themu iliyoingia Ubuntu 18.10 baada ya kujengwa na watu wa kujitolea, ukifuatilia mabadiliko yake utakuta ni vitu vidogovidogo, kitufe kilichozidi pikseli moja, kijivu kisichosomeka kwenye mandhari ya giza, aikoni ya programu ambayo hakuna mtu mwingine aliyekumbuka kwamba ipo. Na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachowezekana kama mwenye kuanza alikuachia PNG.

Kwa hiyo kanuni yangu ni ngumu, ila ina matundu na nayajua. Picha ya kamera, chanzo chake ni nini? RAW, lile faili ghafi la kamera? Kuna wanaosema ndiyo, na kimantiki wako sawa, lakini nani anaweka RAW ya mega hamsini kwenye pakeji ambayo watu wanaidaunilodi kwa bando? Kwa kawaida tunakubali JPEG kubwa isiyokatwa na tunapita kimyakimya kana kwamba hakuna swali. Mchoro wa kalamu ulioskaniwa, chanzo kiko kwenye karatasi droo ya mtu. Nao tunapokea.

Alafu zimekuja picha za akili bandia na sasa watu wananirudishia maneno yangu mwenyewe, eti chanzo ni yale maelekezo uliyoyaandika, si ndo hali unayopendelea kubadilisha? Ni swali zuri kuliko wanavyodhani wao wanaoniuliza kwa kejeli. Ila maelekezo yaleyale kwenye modeli iliyosasishwa yanakupa picha nyingine, nembo haihami inakuja mpya, na modeli yenyewe mara nyingi imefungwa. Nikimwambia mtu anisogezee mlima kushoto kwa ajili ya GRUB ananiletea mlima tofauti. Mpaka anisogezee ule ule, hizo mimi sizipokei.