Dari la mteremko: pamba isiguse bati

"Fundi, jaza pamba ya kioo mpaka igote bati. Usiache uwazi, joto litapitia hapo." Hapa Mwanza, iwe Isamilo, Capri Point au Kirumba, agizo ni hilo hilo kila mwenye nyumba ya zamani anapotaka kupoza chumba ambacho dari lake limepigiliwa chini ya kenchi na kufuata mteremko wa paa. Hakuna agizo linaloharibu nyumba kuliko hili.

Saa saba mchana, jua likiwa utosini, bati hupita nyuzi 60 kirahisi. Sehemu kubwa ya joto lake hurushwa chini, kama joto la tanuri linavyokuchoma uso hata upepo ukiwa unavuma kutoka mgongoni kwako. Foili safi, ile karatasi ya alumini inayong'aa, hulirudisha karibu lote, kwa sharti moja: mbele ya uso wake unaong'aa pawe na hewa, angalau sentimita 2.5. Ikigusa bati, ni chuma kimeshikana na chuma, na joto linapita bila kizuizi. Hela ya foili imepotea.

Usiku mambo hugeuka. Anga likiwa halina mawingu, bati hupoa kuliko hewa iliyo chini yake, na unyevu wa ziwa hufanya matone upande wa ndani, kama soda baridi inavyotoka jasho mezani. Pamba ya kioo iliyogota bati huyanywa matone hayo, na pamba iliyoloa haizuii tena joto. Papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, zinaoza, kutu inaanza kwa ndani kuzunguka misumari, jipsamu inapata madoa ya rangi ya chai. Halafu anaitwa mtu apake lami juu ya paa kwa sababu "bati linavuja". Ukikuta doa jipya asubuhi ya Julai na hakuna mvua iliyonyesha, lami ya nini? Huo ni umande.

Kazi yenyewe inataka vipimo. Kenchi ya 2x4 ina kina cha sentimita 10 hivi, lakini mbao za sokoni mara nyingi ni pungufu, kwa hiyo pima kwanza ndipo ununue pamba. Sentimita 5 za juu, chini ya papi, ni za hewa, na zibaki wazi mfululizo kutoka upenuni hadi kwenye kofia, lile bati la kilele cha paa. Chini yake foili, uso unaong'aa ukitazama juu, ibanwe kwa stepla ubavuni mwa kenchi zote mbili. Anza chini kwenda juu: kipande cha juu kilalie cha chini kwa sentimita 15, na cha chini kabisa kivuke ukuta ili matone yatokee nje. Kisha pamba ya sentimita 5, ndipo jipsamu. Kina kisipotosha, ongeza blandaringi, mbao nyembamba za kupigilia dari, chini ya kenchi. Usiikandamize pamba, kwa sababu kinachozuia joto ni hewa iliyomo ndani yake.

Na msizibe kofia kwa sementi! Hewa ya moto ikikosa pa kutokea juu, ya baridi haiingii chini. Kabla ya kufunga jipsamu, mchana jua likiwa kali, washa udi upenuni. Moshi ukivutwa ndani kufuata mteremko, njia iko wazi. Ukiduwaa hapo hapo, kuna mahali pameziba.

Utasikia watu wakibisha. "Uwazi unaleta popo." Unaleta, usipoweka wavu. Tumia wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 5. Wavu wa mbu hapana: wadudu wa ziwani wanapokuja kwa mawingu yao huuziba, nawe umerudi ulikoanzia.

"Jipsamu peke yake inatosha." Jipsamu ya milimita 9 inazuia joto sawa na pamba ya milimita 2.

"Bati jipya linang'aa, halipati moto." Linarudisha mwanga, sawa, ila joto lililokwisha kuingia ni bahili kulitoa. Rangi nyeupe juu ya paa inasaidia zaidi, ikioshwa vumbi.

"Stairofomu ni rahisi na inafanya kazi ile ile." Hilo povu jeupe la plastiki linazuia joto vizuri, lakini hulegea kuanzia kama nyuzi 80 na inawaka moto. Tena ikigusana na nyaya za umeme kwa muda mrefu, plastiki ya waya hukauka na kupasuka. Kama ni lazima uitumie, nyaya zote zipite ndani ya paipu.

Kwa paa la asbesto, ambalo baadhi ya nyumba za zamani bado zinalo, usitoboe, usikate, usisugue hata kidogo, maana vumbi lake linaua mapafu polepole. Kila kitu kishikwe kwenye mbao tu, na kipande kilichokwisha kuvunjika kiloweshwe maji kabla mtu hajakigusa.