Kuchonga sanamu kwa ndala zilizotupwa na bahari

Sanamu ya kasa iliyobandikwa kwa ndala ikianza kuachana mgongoni, watu hulaumu gundi. Mara nyingi gundi haina kosa: ndala zilibandikwa zikiwa bado na chumvi na unyevu ndani. Ndiyo maana katika kazi hii natumia muda mwingi zaidi kwenye beseni la kuoshea kuliko kwenye kisu.

Malighafi haikosekani. Mwaka 2019 kisiwa cha Aldabra, Shelisheli, ambacho hakina hata kijiji, kilisafishwa na tani 25 za taka zikaondolewa. Watafiti walikadiria kuwa taka zilizobaki kisiwani humo zilikuwa na ndala kama 360,000. Kwetu huku, ufundi huu ulianzia Kiwayu, kaskazini mwa Lamu, mwishoni mwa miaka ya 1990. Julie Church, aliyekuwa akifanya kazi ya uhifadhi wa bahari huko, aliona watoto wakijitengenezea vitu vya kuchezea kwa ndala zilizoletwa na maji. Karakana ya Ocean Sole ya Nairobi ilitokana na jambo hilo.

Ndala nyingi za ufukweni ni za povu la EVA, plastiki laini na nyepesi, kwa sababu ndilo linaloelea. Ikwaruze kwa ukucha. Ikitoa unga, jua limeshakula ngozi ya juu, nawe kata milimita 2 au 3 mpaka ufikie povu zima. Ikivunjika unapoikunja, iweke kando. Toa kanda zote: nyingi ni PVC (aina nyingine ya plastiki), hazishiki gundi ileile, na usizichome moto, kwani moshi wake una asidi na sumu.

Loweka usiku kucha kwenye maji baridi yenye sabuni, sugua kwa brashi ngumu, suuza, kisha badilisha maji hadi ukiyaonja yasiwe na chumvi. Mchanga uliobaki kwenye matundu ndio unaoua makali ya kisu. Anika kivulini siku tatu au nne. Juani ndala hujikunja, na iliyojikunja hailali sawasawa na mwenzake.

Sanamu huchongwa kutoka bonge la ndala zilizobandikwa tabaka juu ya tabaka. Tuseme bonge la sentimita 40 kwa 30, kimo 20. Ukishachonga pande, kila ndala hutoa kipande cha kama sentimita 20 kwa 8, unene milimita 12. Hapo unahitaji vipande 8 kwa kila tabaka, matabaka 17: ndala 136. Panga viungo vipishane kama matofali ya ukuta, la sivyo bonge litapasuka kwa mstari mmoja. Gundi ya fundi viatu ipakwe pande zote mbili, nyembamba, isubiri dakika 10 hadi 15 ishike kidole bila kukifuata, ndipo ubandike na kuweka uzito juu kwa saa 24. Ukiharakisha, kiyeyusho hunaswa ndani na kutengeneza mapovu. Ukipaka nene, mstari wa gundi huwa mgumu, kisu kinanasa hapo kisha kinaruka. Mikono mingi imekatwa namna hiyo. Fanyia kazi penye upepo wa kutosha, maana mvuke wake unalevya kwelikweli.

Sanamu kubwa hujazwa kiini cha stairofomu kuukuu, lile povu jeupe la kufungashia. Hapa gundi ya viatu haifai kabisa: kiyeyusho chake hula stairofomu, na ukija kesho unakuta shimo. Tumia gundi ya maji.

Kukata, napenda kisu kirefu cha mkate, kilicholoweshwa maji ya sabuni, kikienda mbele na nyuma bila kukandamiza. Mashine ya msasa inayozunguka kwa kasi naiepuka: EVA hulainika kabla joto halijafika nyuzi 100, msasa unajaa utelezi na rangi zinachafuka. Msasa namba 60 kwa mkono, kisha 120, unatosha.

Sasa chenga. Kasa akimalizika, nusu ya bonge au zaidi iko sakafuni, na chenga hizo ni nyepesi kiasi cha kupeperuka hadi mtaroni na kurudi baharini zikiwa ndogo kuliko zilivyotoka, yaani umefanya uchafu kuwa mbaya zaidi. Chonga ndani, juu ya turubai, ukizinyunyizia maji. Maji ya kuoshea yapitishe kwenye kitambaa kabla ya kuyamwaga. Chenga kubwa zinajaza mito vizuri.

Usiitegemee ndala ibebe mzigo. Jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda na kuzinduliwa 2018, lilivikwa ndala kama 30,000, lakini mkuku (uti wake wa chini), mataruma (mbavu zake) na mbao zake ni plastiki ngumu iliyoyeyushwa upya. Povu halishiki msumari wala skrubu. Sanamu ya kusimama miguu minne ipewe fito ndani, na iwekwe mbali na jua, kwa sababu bustanini ngozi yake itaanza tena kutoa unga.