Naltreksoni ya dozi ndogo si lazima imezwe usiku

Wagonjwa wa maltipo sklerosisi, maradhi ambayo kinga ya mwili huushambulia utando wa neva, wameambiwa kwa miaka mingi kwamba naltreksoni ya dozi ndogo, yaani dawa ya uraibu wa pombe na afyuni inayotolewa kwa kiasi kidogo kuliko kawaida, haifai kitu isipomezwa wakati wa kulala, tena miligramu 4.5 kamili. Hiyo ni desturi iliyoenezwa na daktari Bernard Bihari wa New York tangu miaka ya 1980, wala haijathibitishwa kuwa sharti. Anayegutuka saa nane usiku kwa ndoto kali aweza, kwa ushauri wa daktari wake, kuihamishia asubuhi, au kushuka hadi miligramu 1.5 na kupanda taratibu. Katazo lenye uzito ni jingine: isichanganywe na morfini, kodeini wala tramadoli, kwani huzizuia kutuliza maumivu.